Ubongo Hauna Spea

Vijana wetu wengi wanapenda kutazama mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka. Mwezi huu tuangalie yaliyompata Gary Goodridge, mzaliwa wa Trinidad aliyekulia Kanada.

Mwaka 1996, katika mashindano ya UFC ya 8, alimshinda mpinzani wake kwa sekunde 13 tu. Watu wakamshangilia. Baadaye alikwenda kupigana Japani. Hakuwa bingwa wa dunia wa mapigano hayo. Alikuwa mtu wa kupimia nguvu za wengine, kwa hiyo alipigwa mara nyingi. Alishinda mapigano 23, akashindwa 22. Miaka ya mwisho alishindwa mfululizo, akaacha baada ya mwaka 2010. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba madaktari wamemkuta na ugonjwa wa ubongo unaotokana na kupigwa kichwa mara kwa mara. Kusahau kukawa shida yake ya kila siku.

Kwa nini? Ubongo ni laini, nao hutikisika ndani ya fuvu kichwa kinapopigwa. Hata pigo lisilomwangusha mtu laweza kuacha madhara, na madhara hayo hujilimbikiza. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya.

Aliyepigwa kichwani akitapika, akichanganyikiwa, akishikwa na degedege au usingizi mzito, mpelekeni hospitali mara moja. Asirudi mchezoni mpaka mganga aruhusu. Wazazi, waambieni vijana: mfupa uliovunjika huunga, ubongo sivyo.