Tamthilia imebuma, lakini hakuna anayebadilisha chaneli: kwa nini?

Saa tatu usiku, sebuleni kwenye nyumba moja ya Magomeni, Bagamoyo. Sahani za chakula zimeshaondolewa, luninga inaendelea. Tamthilia inayorushwa ilikuwa moto mwaka jana. Sasa imepoa: aliyezikwa amerudi, mtoto aliyepotea amepotea tena, na wapenzi wamegombana wiki tatu kwa jambo ambalo simu moja tu ingelimaliza.

Kila mtu analalamika. Na hakuna anayegusa rimoti.

Hali hii haiko nyumba moja tu. Kuanzia Dunda hadi Mapinga na Bunju, utasikia kauli ileile: "Nimalizie tu, nijue mwisho wake." Mtazamaji ana hasira, amechoka, na bado yupo. Kuna sababu zinazoeleweka.

Ameshalipa

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio lililohusu tiketi za msimu mzima wa michezo ya jukwaani katika Chuo Kikuu cha Ohio. Baadhi ya wanunuzi walilipa bei kamili, wengine wakapunguziwa bila kutarajia. Michezo ilikuwa ileile. Lakini katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria mara nyingi zaidi. Kilichowavuta ni hela iliyokwisha kutoka mfukoni.

Mtazamaji wa tamthilia naye amelipa. Kuna hela ya kifurushi cha king'amuzi, ila malipo makubwa ni usiku wake. Mtu aliyekaa na sizoni miezi minane akiiacha leo, ni kama anakiri kwamba usiku wote ule ulikwenda bure. Bora akomae nayo.

Halafu kuna watu. Tamthilia ni kikao cha nyumbani: bibi anauliza yule ni nani, mjukuu anamweleza, mama anamtukana adui wa stelingi kana kwamba anasikia. Kesho yake habari inaendelea saluni na kwenye daladala. Anayeacha kuangalia anabaki nje ya mazungumzo.

Kwa nini hulegea mwishoni

Mara nyingi tatizo huanzia kwenye hesabu za biashara. Mfano ni Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini iliyoingia nyumba nyingi za Tanzania kupitia ITV. Watu wazima wa leo bado wanamkumbuka Cherel na visa vyake, na Barker Haines na fitina zake. Ilianza SABC 3 mwezi Julai 1998. Novemba 2019 SABC ilitangaza kuisitisha, kwa maelezo kwamba watazamaji na mapato vimeshuka. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 12 Machi 2020.

Hadithi ya zaidi ya miaka 21 ikabakiwa na miezi michache ya kufungwa. Katika hali kama hiyo mwandishi hukimbizana na tarehe: ndoa zinafungwa haraka, siri zinatoboka kwa pamoja, na wengine wanaondoka bila kuaga.

Upande wa pili, tamthilia huharibiwa na mafanikio yake. Uturuki, vituo huangalia idadi ya watazamaji kila wiki. Ikiporomoka, tamthilia hukatwa, ikipanda, huendelezwa. Hadithi iliyotosha miaka miwili inavutwa hadi minne.

Hapo ndipo waigizaji nao huchoka. Mashabiki wa Sultan, iliyotiwa sauti za Kiswahili na Azam TV, wanalijua hilo. Ilirushwa Uturuki kati ya 2011 na 2014, sehemu 139. Mwaka 2013 Meryem Uzerli, aliyecheza Hurrem, aliondoka. Sizoni ya mwisho Hurrem akaja na sura nyingine, ya Vahide Perçin. Perçin ni mwigizaji mzuri, ila mtazamaji aliyezoea uso mmoja kwa mamia ya saa alijiona kama ameletewa mgeni na kuambiwa ndiye mwenye nyumba.

Bagamoyo yenyewe ina mfano wa kinyume. Siri ya Mtungi, iliyoanza kurushwa Desemba 2012, ilimfuata Cheche, mpiga picha wa mji huu mkongwe, pamoja na mkewe Cheusi na ukoo wenye mambo mengi. Ilitengenezwa na MFDI kwa ufadhili wa Marekani, na haikuvutwa miaka na miaka: misimu miwili, sehemu 26. Anayeijua idadi hiyo anajua safari ina urefu gani.

Mwisho ndio unaobaki

Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walikaa sekunde 60 zilezile, kisha 30 za ziada huku maji yakipata joto kidogo, hadi nyuzi 15. Walipoulizwa warudie lipi, wengi walichagua lile refu, kwa sababu liliisha vizuri kidogo.

Ndiyo maana mwisho mbovu unauma kuliko ubovu wa katikati: unarudi nyuma na kuchafua hata siku tamu. Game of Thrones ilipoisha mwaka 2019, zaidi ya watu milioni moja waliweka majina kwenye ombi la kutaka sizoni ya mwisho itengenezwe upya.

Afanye nini?

Kwanza, kabla ya kuanza, aulize tamthilia ina sehemu ngapi. Pili, akiona wafu wanafufuka na ugomvi unajirudia, ajue inavutwa. Anaweza kukaa kwa ajili ya kikao na kuacha kudai utamu. Au aache, kisha amuulize jirani mwisho ulikuwaje. Hakuna aibu.

Hasira yake nayo si ya kuchekwa. Wasimulizi wa ngano wa pwani walikuwa na desturi wakati wa kumaliza: husema hadithi ikiwa nzuri, uzuri ni wa wote; ikiwa mbaya, ubaya ni wa aliyeitunga peke yake. Msikilizaji alilala akijua kuna mtu amebeba lawama.

Luninga ikimaliza huleta majina yanayopita mbio, kisha tangazo la tamthilia mpya inayoanza Jumatatu. Na Jumatatu, saa tatu usiku, sebule ile itajaa tena.