Nyayo za Wachoraji Katika Majabali ya Elbe

Katika nchi za Ulaya imekuwa ada siku hizi kumwalika msanii akakae mahali kwa majuma au miezi, apewe chumba, kitanda na riziki ya kumtosha, naye asidaiwe kitu ila kazi yake. Na wako wanaoalikwa si kukaa tu bali kutembea, yaani kushika njia walizopita wachoraji wa zamani na kuona macho ya leo yataona nini. Wachoraji wanaofuatwa sana ni wale waitwao wa Romantiki, waliozuka mwishoni mwa karne ya 18, watu walioamini kuwa jabali na ukungu vyaweza kusema yaliyomo moyoni mwa mja.

Njia mashuhuri kupita zote kwa jambo hili iko Ujerumani, kusini mashariki ya mji wa Dresden. Wenyewe huiita Malerweg, maana yake Njia ya Wachoraji. Ina zaidi ya kilomita 110, na mwenye miguu mizuri huimaliza kwa siku 8. Nchi yake ni ya majabali ya mchanga ulioshikana, yamesimama wima mithili ya minara, na mto Elbe wapita chini yake. Sisi watu wa pwani tutastaajabu kusikia kuwa mchanga huo ni wa bahari. Miaka kiasi cha milioni 100 iliyopita pale palikuwa maji matupu. Bahari ikaondoka, kisha mvua na mito ikabaki kuchonga.

Waliolipa eneo hilo jina ni wageni. Adrian Zingg na Anton Graff, Waswisi wawili, walikuja mwaka 1766 kusomesha chuo cha sanaa cha Dresden, na walipotembea katika milima ile wakakumbuka kwao. Ndipo ikaitwa Uswisi ya Saxony hadi leo. Kumbe hamu ya mgeni yaweza kuwabatizia wenyeji nchi yao!

Lakini wa kufuatwa hasa ni Caspar David Friedrich. Alizaliwa mwaka 1774 huko Greifswald, karibu na bahari ya Baltiki, akahamia Dresden mwaka 1798 na huko akafa mwaka 1840, watu wakiwa wamekwisha kumsahau. Alikuwa mtu wa kutembea. Mwaka 1813, Dresden ilipojaa askari wa Napoleon, yeye alitoka mjini akaenda kujistiri Krippen, kijiji kilicho ukingoni mwa Elbe, na mle katika siku za vita akawa anachora mawe. Mawe, msomaji, wala si mizinga. Jiwe moja alilolichora mwaka huo, katika kilima cha Kaiserkrone, lilikaa karatasini miaka kama mitano. Kisha, kwenye mwaka 1818, likatokea chini ya miguu ya mtu aliyevaa koti la kijani kibichi na kushika bakora, amesimama juu ya bahari ya ukungu. Picha hiyo sasa iko Hamburg, na hapana aliyefungua kitabu cha sanaa asiyeijua. Mtu yule ametupa kisogo. Uso wake haukuonyeshwa, na mimi naona ndiyo heshima ya picha ile: hatumtazami yeye, twatazama anachokitazama.

Basi msanii wa leo hupanda Kaiserkrone akitaraji kuikuta picha. Haikuti. Jiwe lipo, lakini vilele vilivyo mbele ya yule bwana, kwa kauli ya wajuzi, ni vya Gamrig karibu na Rathen, mwendo wa kutwa kutoka hapo, na milima ya nyuma imetoka kwingine tena. Friedrich alikuwa akichora kwa penseli huko nje, jiwe moja moja na mti mmoja mmoja, akiandika na tarehe. Rangi aliipaka nyumbani, chumbani mwake. Rafiki yake Kersting alikichora chumba hicho mwaka 1811: kuta tupu, na dirisha limezibwa upande wa chini. Humo ndimo alimounganisha kilima cha huku na bonde la kule. Mtunga mashairi halitamshangaza jambo hili; neno alilolisikia kisimani akiwa kijana laweza kumjia kuwa kina akiwa mzee.

Kwa hivyo wale wanaokwenda na kamera wakasimama penye alama, wapate kuirudia picha ileile, kwa maoni yangu wamepoteza nauli. Anayeketi asubuhi nzima mbele ya jabali moja na penseli mkononi, huyo ndiye aliyemfuata.

Na atakachokiona si raha. Ukame ulioanza mwaka 2018 uliidhoofisha misonobari, ambayo mingi ilipandwa tangu karne ya 19 kwa ajili ya mbao, kisha wadudu watoboao magome wakaimaliza. Mwezi Julai 2022 ukazuka moto upande wa Ucheki ukavuka mpaka. Upande huo peke yake ziliungua zaidi ya hekta 1,000. Moto ulifika karibu na Pravčická brána, lile tao la jiwe lenye upana wa mita 26 ambalo ndilo lililokuwa mwisho wa safari ya wachoraji wa kale.

Hapo ndipo penye mtihani wa mgeni aliyelipiwa chumba. Mwenyeji aghalabu hupenda picha ya kuvuta watalii, hasa baada ya mwaka 2024, ilipotimia miaka 250 tangu kuzaliwa kwa Friedrich na maonyesho yakafanywa Hamburg, Berlin na Dresden. Msanii naye amezungukwa na magogo meusi. Akiyaacha, amechora uongo wa kupendeza. Akiyachora, huenda asialikwe tena.

Mimi ningemwambia ayachore, na aandike tarehe. Katikati ya magogo hayo imekwisha kuota miti myembamba ya magome meupe, isiyopandwa na mtu. Baada ya miaka 50 itakuwa imeziba kila kitu, na atakayetaka kujua majivu yalifikia wapi ataitafuta karatasi ile.