Wezi Waliojiandikisha

Aprili 2019 polisi wa Chicago walikuwa wakisaka magari yapatayo 100 ya Car2Go, huduma ya kukodisha magari kwa dakika iliyoanzishwa na Daimler. Mengi yalikuwa Mercedes-Benz. Wezi hawakuwa na haja ya kuvunja kioo: magari yalichukuliwa kwa ulaghai kupitia programu ileile ya simu waliyoitumia wateja halali. Kampuni ilisema mitambo yake haikudukuliwa, ila ililazimika kusimamisha huduma mjini humo kwa muda.

Kisa hicho hunijia kila nisikiapo ofisi, shirika au kampuni yenye magari mengi ya kuchangia inatafuta mfumo wa kudhibiti nani afungue gari lipi. Mazungumzo huanza na kitasa: kadi au simu? Kumbe kitasa ndicho sehemu rahisi.

Maafisa usafirishaji wengi wamekulia kwenye ubao wa misumari wenye funguo na daftari la kusaini. Kwa magari kumi ubao unatosha, hasa mlinzi akiwa mkali. Uswisi nako walianza kwa udogo. Mwaka 1987 vilianzishwa vyama viwili vya ushirika vya kuchangia magari, vikaungana 1997 na kuwa ushirika wa Mobility, ambao leo una magari yapatayo 3,000. Hakuna mlinzi wa kukabidhi funguo za magari yote hayo usiku wa manane, tena katika mamia ya maegesho. Visanduku vya funguo vya ukutani, vilivyotumiwa na vyama vingi vya Ulaya siku za mwanzo, vilikuwa na kasoro iliyo wazi: anayefungua sanduku anazifikia funguo zote zilizomo.

Kadi iliondoa tatizo hilo. Kisomaji hubandikwa nyuma ya kioo cha mbele, mwanachama anagusisha kadi, mlango unafunguka. Uzuri wake ni kwamba orodha ya waliopangiwa gari inaweza kutumwa mapema ikahifadhiwa ndani ya gari lenyewe, hivyo hata mtandao ukikatika, kadi inafanya kazi. Ila kuna kadi na kadi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha jinsi kadi ya Mifare Classic, iliyokuwa imeenea duniani kote, inavyoweza kunakiliwa. Mtengenezaji, NXP, alikwenda mahakamani kuzuia matokeo yasichapishwe, akashindwa. Kadi za aina hiyo bado zinauzwa kwa bei ya kutupa. Mbaya zaidi ni mifumo inayosoma namba ya kadi tu bila siri yoyote. Kuinakili ni kazi ya dakika chache.

Simu nayo ina njia mbili, na wauzaji wengi hawazitenganishi. Katika ya kwanza, simu inaiomba kompyuta kuu ya kampuni, nayo inatuma amri kwa gari kupitia mtandao. Kiungo kimoja kikikatika, umekwama. Februari 2020 mwandishi wa habari aliyekodi gari la Gig, huduma nyingine ya kuchangia magari, huko California alisimama mahali pasipo na mtandao, gari likagoma kuwaka tena, akabaki huko na gari lisilo na hitilafu yoyote. Katika njia ya pili, simu inapewa mapema kibali chenye muda maalumu, kisha inazungumza na gari moja kwa moja kwa Bluetooth. Kwa magari ya miradi yanayolala vijijini ambako mtandao ni wa kubahatisha, nisingefikiria njia ya kwanza hata kwa bei ya nusu.

Kuhusu injini, sharti ni moja: mfumo uzuie gari kuwaka, kamwe usizime injini ya gari lililo mwendoni. Muuzaji anayejisifu kuwa anaweza kulizima gari kwenye barabara kuu anauza ajali. Kumbuka pia kwamba kifaa cha mfumo kilichofungwa garini kinakula umeme hata gari likiwa limeegeshwa. Betri ikifa, mlango wa umeme haufunguki, kwa hiyo ufunguo wa kawaida lazima uwepo mahali penye mtu wa zamu.

Turudi Chicago. Mlango wa kwanza wa gari la kuchangia ni fomu ya kujiandikisha. Picha ya leseni iliyotumwa kwa simu haithibitishi kwamba aliyeituma ndiye mwenyewe. Sura ilinganishwe na leseni, na leseni ihakikiwe kwa mamlaka iliyoitoa. Kwenye ofisi zetu hatari hiyo huja kwa sura nyingine: dereva ameacha kazi tangu mwezi uliopita, kadi yake bado inafungua magari yote, na hakuna anayejua ni jukumu la nani kuifuta.

Kwa hiyo muuzaji akija na slaidi zake, mpeleke kwenye maegesho ya chini ya ghorofa, mahali simu haishiki. Mwambie afungue gari. Achomoe betri, kisha afungue tena kwa ufunguo wa kawaida. Halafu, mkirudi penye mtandao, afute jina la mtumishi mmoja na kukuonyesha inachukua muda gani kabla kadi yake haijakataliwa. Akishindwa hata jaribio moja kati ya hayo, usisaini.