RNA Rekebishi katika Bakteria na Arkea: Suala la Istilahi

Wataalamu wa elimuviumbe wameazima istilahi zao nyingi kutoka taaluma yetu ya lugha. Husema kwamba maandishi ya jeni yaliyomo katika DNA hunukuliwa. Nakala yake, yaani RNA mjumbe, hushikwa na ribosomu na kufasiriwa kuwa protini.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika seli ya bakteria kauli hiyo haisimami. Bakteria Escherichia coli apungukiwapo na chuma, hutengeneza RNA fupi iitwayo RyhB, yenye herufi 90 hivi, ambayo kazi yake ilielezwa mwaka 2002. RNA hii haifasiriwi kuwa protini. Ikisaidiwa na protini Hfq, hujipachika juu ya wajumbe wanaoagiza protini zitumiazo chuma. Herufi zikishaoana, ribosomu hukosa mahali pa kushika, na vimeng'enya huwakatakata wajumbe hao. Hivyo chuma kidogo kilichopo huwekewa mahitaji ya lazima. Kabla ya hapo, mwaka 1984, watafiti walikwisha kuonyesha kwamba RNA nyingine, MicF, huzuia kufasiriwa kwa mjumbe wa OmpF, protini iliyo kama mlango katika utando wa nje wa bakteria huyo huyo.

Kwa mifano hii, mtu angeweza kupendekeza istilahi 'RNA zuizi'. Pendekezo hilo lina kasoro. Arkea, viumbe ambao Carl Woese na George Fox waliwatenga na bakteria mwaka 1977, wanatupa ushahidi wa kinyume. Katika arkea Methanosarcina mazei, nitrojeni iadimikapo, RNA iitwayo sRNA154 humkinga mjumbe wa nifH, mojawapo ya jeni za kimeng'enya kinasacho nitrojeni ya hewani, ili asivunjwe mapema. Hapa RNA haizuii, bali inalinda.

Ni dhahiri basi kwamba kitenzi 'kuzuia' kinabeba nusu tu ya maana. 'Kudhibiti' nacho huelemea upande wa kubana. 'Kurekebisha' hupokea pande zote mbili, kupunguza na kuzidisha. Ndiyo sababu tunapendekeza 'RNA rekebishi'. Hatuna budi kuwa waangalifu, kwani istilahi yenye kasoro humfunza mwanafunzi kosa kabla hajaingia maabara, na kulifuta baadaye ni kazi ngumu kuliko kuchagua neno lifaalo tangu mwanzo.