Somo la Redio: Kupanga Safari ya Pwani

Leo tutapanga safari ya kutazama pwani ya Cinque Terre, nchini Italia, kwenye Bahari ya Mediterania.

Huko kuna vijiji vitano: Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza na Monterosso. Juu yake, milimani, wakulima wamejenga kuta za mawe ili zishike udongo wa mizabibu. Kuta zikiachwa bila kutengenezwa, mvua kubwa huzibomoa na udongo huporomoka.

Kwanza, chagua njia. Panda treni mjini La Spezia. Hupita vijiji vyote vitano.

Pili, pima nguvu zako. Corniglia iko juu ya kilima. Kutoka stesheni utapanda vidato zaidi ya 370.

Tatu, uliza habari za mvua. Tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko yalijaza matope Vernazza na Monterosso, na watu walikufa. Basi ukikuta njia ya miguu imefungwa, usipite. Rudi ukapande treni.

Sasa andikeni majibu daftarini. Kuta za mawe zina kazi gani? Kwa nini msafiri aulize habari za mvua?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.