Pengo, Sifuri na Kisicho na Kikomo katika Lugha ya R

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi R, ambayo ni lugha ya kuiamuru kompyuta katika kazi za takwimu, inavyozitendea thamani zisizojulikana na thamani zisizo na kikomo. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la wanahesabu peke yao. Lakini mtaalamu wa lugha wa siku hizi huhesabu maneno katika matini, hupima urefu wa irabu, hukusanya majibu ya wasemaji wa lahaja, kisha huyatia yote hayo katika majedwali ili kompyuta imsaidie kuyachambua. Ni nadra jedwali la namna hiyo kukosa mapengo. Mzee mmoja hakujibu swali. Ukurasa mmoja wa hati umeliwa na mchwa. Sauti moja imefunikwa na kelele. Hukumu itolewayo mwisho wa kazi hutegemea sana namna mapengo hayo yalivyotendewa, na mara nyingi msomaji wa hukumu hiyo haambiwi neno juu yake.

Lugha ya R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliifuatisha lugha nyingine iitwayo S, iliyoanza mwaka wa 1976 katika Bell Laboratories, Marekani, kwa kazi ya John Chambers na wenzake. Toleo la 1.0.0 la R lilitolewa tarehe 29 Februari, 2000. Kwa kuwa R ilikusudiwa tangu mwanzo kwa kazi ya takwimu, iliwekewa alama maalumu za kutaja yasiyojulikana, na sarufi ya kuzitumia alama hizo.

Alama zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni NA, iliyofupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "haipatikani". Ya pili ni NaN, maana yake "si namba". Ya tatu ni Inf, yaani thamani isiyo na kikomo, nayo yaweza kuwa chanya au hasi. Tofauti zake zaweza kufananishwa na majibu matatu ya msemaji anayehojiwa. NA ni jibu la mtu asemaye, "Sijui." Inf ni jibu la mtu asemaye, "Haina mwisho." NaN ni jibu la mtu asemaye, "Swali lako halina maana." Mtafiti ayaandikaye majibu hayo matatu kwa alama moja amepoteza habari ambayo hataweza kuirudisha.

Iko alama ya nne, NULL, ambayo yafaa itengwe na hizo. NULL ni utupu mtupu, hata nafasi haina. Tukiviunganisha vitu vitatu 1, NA na 3, R itatuambia kwamba tuna vitu vitatu. Tukiunganisha 1, NULL na 3, itatuambia kwamba tuna viwili. NA ni kiti kilichowekwa kwa mgeni ambaye hajafika. NULL ni kutokuwapo kiti. Kiswahili chajua tofauti ya namna hii, kwa maana asemaye "hajaja" angali akimtazamia mtu, na asemaye "hakuja" amekwisha kulifunga jambo. Katika R, pengo la NA ni la namna ya "hajaja": thamani ipo mahali fulani, ila hatujaipata.

Kutokana na maana hiyo hufuata kanuni ya kwanza, ya kwamba pengo huambukiza. Ukijumlisha 5 na NA, jibu ni NA, kwa sababu tano na kitu kisichojulikana hufanya kitu kisichojulikana. Wastani wa 4, NA na 6 ni NA vilevile. Wanafunzi wengi huliona jambo hili kuwa ni udhia, lakini kwa kweli ni uaminifu, kwa kuwa kompyuta imekataa kudai ujuzi isiokuwa nao.

Kanuni ya pili huwashangaza watu zaidi. Tukiiuliza R kama NA ni sawa na NA, haijibu ndiyo wala la, hujibu NA. Tafakari kidogo itaonyesha kwamba jibu hilo ni sahihi. Ikiwa hatuujui umri wa msemaji wa kwanza, wala wa pili, hatuwezi kusema kwamba umri wao ni mmoja. Kwa sababu hiyo mapengo hayatafutwi kwa ishara ya usawa, bali kwa amri ya is.na, ambayo hujibu ndiyo au la kwa kila thamani. Mantiki ya R ina hukumu tatu, yaani kweli, si kweli na haijulikani, nayo huwafikiana na mantiki aliyoieleza Stephen Kleene mwaka wa 1938. Wala haijulikani haishindi kila mara. Tuseme twauliza kama mtu fulani alizaliwa Lamu na pia anasema Kiamu. Kama twajua kwamba hakuzaliwa Lamu, jibu ni la, hata kama lahaja yake hatuijui. Ndivyo R inavyohukumu: NA ikiungwa na si kweli kwa neno la "na", jibu ni si kweli, ikiungwa na kweli, jibu ni NA.

Sasa tuziangalie thamani zisizo na kikomo. Alama ya Inf na ya NaN hazikubuniwa na watungaji wa R. Zimo katika kanuni za hesabu za kompyuta ziitwazo IEEE 754, zilizotangazwa mwaka wa 1985. Moja ikigawanywa kwa sifuri hutoa Inf. Sifuri ikigawanywa kwa sifuri hutoa NaN, na Inf ikitolewa katika Inf hutoa NaN pia. Namba ya desimali ikizidi takriban 1.8 mara kumi kwa kipeo cha 308, kompyuta hushindwa kuibeba na kuandika Inf. NA ya namba za desimali ni NaN iliyotiwa alama ya siri ndani yake, nayo ni namba 1954. Kwa ajili ya undugu huo, amri ya is.na hujibu ndiyo kwa NA na kwa NaN, lakini is.nan hujibu ndiyo kwa NaN peke yake. Atakaye kujua kama thamani ni namba halisi yenye kikomo atumie is.finite, ambayo huzikataa zote tatu.

Mtaalamu wa lugha hukutana na mambo haya mapema sana. Tuseme analinganisha idadi ya kutokea kwa maneno katika mkusanyo wa matini za ushairi na katika mkusanyo wa magazeti. Neno linalopatikana mara 12 katika ushairi wala halimo katika magazeti litatoa uwiano wa Inf. Neno lisilokuwamo katika mikusanyo yote miwili litatoa NaN. Tena, akizigeuza idadi hizo kuwa logi, kama ilivyo desturi, logi ya sifuri itakuwa Inf ya upande wa hasi, na neno moja tu la namna hiyo litaufanya wastani wa safu nzima kuwa Inf hasi. Hapo wengi huifuta Inf na kuandika NA mahali pake. Kosa lake ni kubwa. Kwamba neno halikutumiwa katika matini yote iliyosomwa ni habari iliyopatikana kwa kazi. Kuliandikia NA ni kusema kwamba matini haikusomwa. Ni heri kuongeza moja katika kila idadi kabla ya kuigeuza, kama ifanyavyo amri ya log1p, na kumwarifu msomaji.

Njia itumiwayo sana ya kuyaondoa mapengo ni maneno mafupi na.rm = TRUE, ambayo huambiwa amri kama mean na sum ili ziyaruke. Wastani wa 4, NA na 6 huwa 5 mara moja. Amri hiyo huruka NA na NaN, lakini haigusi Inf. Tena, ikiwa safu nzima ilikuwa mapengo, kitakachobaki ni utupu: jumla yake ni 0, wastani wake ni NaN, na thamani yake kubwa kuliko zote, ikitafutwa kwa amri ya max, ni Inf hasi pamoja na onyo. Anayesoma jumla hiyo ya 0 pasipo kujua ilikotoka ataamini kwamba kitu kilihesabiwa na hakikuonekana, kumbe hakikuhesabiwa kabisa.

Ziko amri nyingine zinazoyaondoa mapengo bila kuagizwa. Amri ya table, ihesabuyo majibu kwa aina zake, haiyaonyeshi mapengo ila ikiambiwa useNA. Amri ya lm, ichunguzayo jinsi kipimo kimoja kinavyofuatana na vingine, kwa kawaida huutupa mstari mzima ikiwa hata kipimo kimoja kati ya vinavyohitajiwa hakimo. Asiyekuwapo na lake halipo, husema Waswahili, na hapa methali hiyo hutimizwa kwa ukali: mzee aliyejibu maswali tisa na kulinyamazia la kumi huondolewa pamoja na majibu yake yote tisa.

Hatari ya pili yawahusu hasa wanafunzi wa Kiswahili. Amri ya read.csv, ambayo kwayo majedwali husomwa kutoka katika faili, huchukua herufi NA kuwa alama ya pengo isipoambiwa vingine. Neno "na" ni miongoni mwa maneno yanayotumiwa mno katika Kiswahili. Likiandikwa kwa herufi ndogo halidhuriki, kwani R hutofautisha herufi ndogo na kubwa. Lakini orodha ya maneno iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kama ilivyo desturi katika vidahizo vya baadhi ya kamusi, italipoteza neno hilo kimyakimya. Namibia nayo hupatwa na balaa hiyo hiyo katika majedwali ya nchi, kwa kuwa alama yake ya kimataifa ya herufi mbili ni NA. Dawa yake ni kuongeza na.strings = "" katika amri ya kusoma, ili visanduku vitupu ndivyo vihesabiwe kuwa mapengo, na neno lenyewe libaki neno. Kosa la kinyume chake hutokea pia: amri ya paste, iunganishayo maneno, hugeuza pengo kuwa herufi mbili za kawaida, na tangu hapo is.na haiwezi tena kulitambua.

Desturi ya kale ya kuandika 99 au 999 mahali pa umri usiojulikana ni mbaya kupita zote. Wastani wa miaka 40, 50 na 60 ni 50. Tukiongeza mtu mmoja aliyeandikiwa 999, wastani utakuwa 287.25. Kosa kubwa kama hilo huonekana. Lakini 99 yaweza kupita bila kushukiwa, kwani wako watu wenye umri huo.

Kuchanganya sifuri na pengo kumekwisha kuleta msiba. Tarehe 28 Januari, 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kiliharibika muda mfupi baada ya kuruka, na watu saba wakafa. Sababu ilikuwa pete za mpira zilizoziba kiungo cha roketi, ambazo baridi iliziondolea unyumbufu. Usiku uliotangulia wahandisi na wakuu walizungumza juu ya baridi hiyo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na William Rogers ilieleza kwamba katika kulinganisha joto na madhara ziliangaliwa safari ambazo pete zake zilikuwa zimedhurika, wala hazikutiwa zile zisizokuwa na dhara lolote. Zote zilipotiwa, ilionekana kwamba katika safari 20 ambazo joto la viungo lilikuwa nyuzi 66 za Fahrenheit au zaidi, ni tatu tu zilizopata dhara. Na katika safari nne za nyuzi 63 au chini yake, zote nne zilidhurika. Sifuri zile zilikuwa ushahidi, nazo zilitendewa kama kwamba ni kimya.

Basi, kabla ya kuliondoa pengo yapasa kuuliza kwa nini lipo. Donald Rubin, katika makala yake ya mwaka wa 1976, aliweka msingi wa kuyapambanua mapengo, na tangu hapo yamezoewa kugawanywa katika aina tatu. Yako yatokeayo kwa bahati tupu, kama ukurasa uliomwagikiwa na maji; haya yakiondolewa, hasara ni kupungua kwa data tu. Yako yanayofuatana na jambo jingine tunalolijua, kama vile wazee kunyamaza kuliko vijana, hali umri wa kila mmoja umeandikwa. Haya yaweza kusawazishwa kwa kuutumia umri huo. Na yako yanayotokana na jambo lile lile lililoulizwa, kama mtu anayeficha lahaja yake kwa sababu anaionea haya. Aina hii ya tatu haiponywi na amri yoyote, maana data yenyewe haiwezi kutuambia imeficha nini. Kwa aina ya pili, iko programu ya mice, ya Stef van Buuren na wenzake, ambayo hujaza kila pengo si mara moja bali mara kadhaa, mara tano isipoagizwa vingine. Hesabu hufanywa kwa kila nakala, kisha matokeo huunganishwa ili mashaka yaliyokuwapo yabaki kuonekana.

Yafaa kila mtafiti aandike katika taarifa yake mambo matatu: mapengo yalikuwa mangapi katika kila safu, yalitokana na nini kwa kadiri anavyojua, na aliyatendea nini. Mistari mitatu yatosha. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na R humpa mtafiti njia ya kukiandika kimya hicho pasipo kukigeuza kuwa sifuri wala kukifuta. Hiari ya kuitumia njia hiyo ni ya mtafiti mwenyewe, na jawabu lake huonekana katika idadi ya watu anaodai kuwasemea.