Mtoto na Kalamu ya Rangi

Wazazi wengi humkemea mtoto achoraye ukutani kwa kipande cha kaa, wakidhani ni upuuzi mtupu. Ukuta kweli huchafuka. Lakini twapenda wasomaji wetu wajue kuwa mchezo huo ndio mwanzo wa kuandika.

Mtoto wa miaka miwili hulishika kaa kwa ngumi na kulivuta kwa nguvu za bega. Apatapo miaka mitatu hivi huweza kufunga duara. Baadaye hushika kwa vidole vitatu, na hapo ndipo kutia rangi kunapomfaa: akijaribu kuijaza picha asiuvuke mstari, vidole huzoea kutulia, na jicho huzoea kuuongoza mkono.

Bibi Maria Montessori, daktari wa Kitaliana, alilijua sana jambo hili. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto wadogo mjini Roma, katika mtaa wa San Lorenzo, uliokuwa mtaa wa maskini. Watoto wake walipewa vibao vya maumbo, kama duara na mraba. Mtoto huzungusha kalamu ukingoni, kisha hulijaza umbo kwa mistari ya rangi. Kwanza mistari hupotoka, lakini siku kwa siku hunyoka. Tena walipapasa kwa vidole herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Bibi huyo alimwomba mtoto wa miaka mitano amchoree bomba la moshi kwa chaki. Mtoto akachora, akasifiwa. Mara akapiga kelele kwa furaha kuwa aweza kuandika, akainama akaandika neno “mkono” kwa lugha yake, kisha “bomba la moshi”, kisha “paa”. Kabla ya siku ile hakuwa ameandika neno lolote.

Huku mashambani si lazima kununua kitu. Kaa lina weusi, chokaa ina weupe, udongo mwekundu upo, na manjano ya jikoni yapo. Kijiti kilichotafunwa ncha hufanya brashi njema. Rangi ya kupaka milango asipewe kabisa, maana huenda ina risasi, na mtoto hutia vidole kinywani. Naye apewe mahali pake, ubao mkuukuu au uwanja uliofagiwa, ili ukuta upone.

Akimaliza, aulizwe amechora nini, kwa kuwa katika kujibu huongeza maneno. Amwambiaye kuwa hakuna ng'ombe wa buluu amemnyamazisha, wala hatasikia habari za ng'ombe huyo.